Je, wajua kwa nini mitaa ya matajiri nje kidogo ya London iko kimya vile?

Ukipanda treni pale stesheni ya Waterloo London ukaelekea kusini magharibi, nusu saa na ushee hivi unashuka Weybridge, kaunti ya Surrey, na ukishaiacha stesheni nyuma kitu cha kwanza kukugusa ni ukimya. Sio kwamba hamna watu, watu wapo, magari ya bei mbaya yamepaki nyuma ya mageti, ila barabara imefunikwa na miti, hamna genge la mboga, hamna muziki, na mtu wa kwanza kukutana naye pengine anatembeza mbwa. Wengi wakiona hivi wanasema aah, wazungu ndo walivyo, wanapenda kimya. Mi nakataa. Ule ukimya una historia, una sheria, na una watu wanaoupigania kila mwaka tena kwa nguvu kweli kweli.

Anza na reli. Treni ilifika Weybridge mwaka 1838, na hapo ndo wenye hela wa London wakaona kumbe unaweza kushinda mjini kwenye biashara alafu ukalala shamba kwenye hewa safi. Baadae, mwaka 1911, mjenzi mmoja anaitwa Walter George Tarrant akachukua kilima kizima kinaitwa St George's Hill, akakata viwanja, akaweka gofu na tenisi humo humo ndani, na sharti kubwa likawa kwamba kiwanja cha nyumba kisipungue ekari 1. Ekari nzima kwa nyumba moja maana yake redio ya jirani huisikii, vitunguu vyake vikiungua harufu huisikii, mtoto wake akilia usiku huna habari. Mpaka leo pana nyumba 400 na kitu tu kwenye ekari zaidi ya 900, barabara ni mali yao wenyewe, kuna mageti na walinzi, na miaka ya 1960 John Lennon na Ringo Starr, wanamuziki wa bendi ya Beatles, wote walinunua nyumba humo, watu ambao mashabiki walikuwa hawawaachi hata kupumua.

Sasa kuna stori ya kelele ambayo kwangu ndo inaeleza kila kitu. Chini ya kilima hicho hicho, mwaka 1907, kulifunguliwa Brooklands, uwanja wa kwanza duniani kujengwa maalum kwa ajili ya mbio za magari. Kabla hata ya shindano la kwanza, dereva anaitwa S. F. Edge akaendesha gari saa 24 mfululizo kuweka rekodi, usiku kucha linanguruma, majirani hawakulala, wakaja juu, na kuanzia hapo mbio za usiku zikapigwa marufuku. Ndo maana mwaka 1929 walipotaka kufanya mbio za saa 24 ikabidi wazigawe mara mbili, saa 12 siku ya kwanza, magari yanafungiwa usiku, kesho yake saa 12 zilizobaki. Na kabla ya hapo wakazi walishaenda mpaka mahakamani, mwisho wa yote magari ya pale yakalazimika kufungwa vifaa vya kupunguza mlio kwenye ekzosi. Yani uwanja maarufu kuliko yote Uingereza, na bado majirani waliotaka kulala walishinda.

Lakini mageti na mawakili peke yake haviwezi kuzuia mji kama London usikumeze. Kati ya vita mbili kuu London ilikuwa inatanuka kwa kasi, nyumba zinafuata reli na barabara kama maji yanavyofuata mtaro, na Surrey ilikuwa njiani. Kilichoizuia ni sheria. Mwaka 1938 ikapitishwa sheria ya ukanda wa kijani kuzunguka London, yani ardhi inayoachwa wazi isijengwe ovyo, alafu mwaka 1947 ikaja ile kubwa ya mipango miji, ambayo ilimwachia mwenye ardhi ardhi yake ila haki ya kuijenga ikawa lazima uombe: shamba lako, hati yako, ila nyumba huinui bila kibali cha halmashauri. Mwaka 1955 waziri Duncan Sandys akaziambia halmashauri nchi nzima zichore kanda zao za kijani ili miji isiungane. Huu wa London leo una zaidi ya hekta 500,000, karibu kisiwa cha Unguja mara 3, na kwa Surrey peke yake karibu robo tatu ya kaunti nzima imo ndani ya ukanda. Ndo maana unakuta ng'ombe anakula majani taratibu mita chache toka kwenye nyumba ya mamilioni ya pauni, na hiyo nyumba ni ya mamilioni kwa sababu huyo ng'ombe hatapisha mtu. Wanaotaka kuishi karibu na London ni wengi, viwanja haviongezeki, bei inapanda tu.

Ukienda ndani zaidi, kwenye vijiji vya milima ya Surrey kama Shere, eneo ambalo mandhari yake inalindwa na sheria toka 1958, maisha ni ya shamba kabisa japo wenyeji ni mabenka na mawakili. Vijiji vingi vya hivyo havina taa za barabarani na wapo wakazi ambao hawazitaki kabisa, wanataka nyota zao. Mwezi wa 12 jua linazama kabla ya saa 10 jioni, kwahiyo watu wanatembea na tochi. Barabara nyembamba, magari mawili hayapishani, mmoja anarudi nyuma mpaka kwenye uwazi na mwenzie anainua mkono kushukuru, na usipoinua mkono hapo umejulikana kama mgeni. Ukikuta farasi unapunguza mpaka kilomita 16 kwa saa na kumpa nafasi ya mita 2, imeandikwa kwenye kanuni za barabarani toka 2022. Kuna nyumba za kifahari kabisa ambazo bomba la gesi halijafika, wana tanki la mafuta ya kupashia moto bustanini, na choo kinaingia kwenye shimo kama kwetu. Kwenye geti la shamba unakuta trei za mayai na kikopo cha hela, hakuna muuzaji, unachukua unaweka hela unaondoka.

Kinachonigusa zaidi ni zile njia za miguu. England na Wales zina kilomita kama 225,000 za njia ambazo umma una haki ya kupita, na nyingi zinakatiza katikati ya mashamba ya watu, nyingine pembeni kabisa ya bustani ya tajiri. Yeye hawezi kukufukuza na akiziba njia anavunja sheria. Kwahiyo hata mfanyakazi wa ndani siku yake ya off anaweza kutembea siku nzima kwenye uzuri ule bila kumuomba mtu.

Ila mwenye nyumba mwenyewe sasa, ndo anabanwa. Sehemu zilizotangazwa kuwa za hifadhi, yani mitaa na vijiji vya zamani vinavyolindwa visibadilishwe sura, utaratibu ulioanza 1967, kabla ya kukata mti kwenye uwanja wako lazima uitaarifu halmashauri wiki 6 mapema. Ua wako wa miti ukizidi mita 2 ukamzibia jirani jua, kuna sheria ya 2003 anaweza kukupeleka nayo halmashauri. Ukitaka kuongeza chumba kinachohitaji kibali, ombi linatangazwa, na mtu yeyote ana haki ya kuandika barua ya kupinga, na wanaandika kweli, wazee wastaafu wana muda na wana elimu. Sauti pekee kubwa isiyo na ugomvi ni kengele za kanisa, hizo zikigongwa Jumapili kijiji kizima kinasikia na ukizilalamikia watakushangaa.

Hapa kuna kitu lazima nikiseme. Mwezi wa 4 mwaka 1649, miezi michache baada ya mfalme Charles wa kwanza kukatwa kichwa, maskini wachache wakiongozwa na Gerrard Winstanley walipanda hapo hapo St George's Hill, wakaanza kulima karoti na maharage kwenye ardhi ya wazi, wakisema ardhi ni hazina ya watu wote. Walipigwa, mazao yakaharibiwa, na kabla mwaka haujaisha walishafukuzwa kilimani. Karibu na stesheni ya Weybridge kuna jiwe la kumkumbuka Winstanley, na hapo hapo juu ndo kuna mageti.

Nalisema hili kwasababu swali la Winstanley, kwamba ardhi ni ya nani, halijajibiwa. Mwalimu wa shule ya kijiji, nesi, kijana aliyezaliwa pale, hawawezi kununua nyumba pale. Mabasi nje ya London yaliachiwa makampuni binafsi kwa sheria ya 1985, njia zisizo na faida zikafa nyingi, vijiji vingine Jumapili hamna basi kabisa. Serikali iliyoingia 2024 imeahidi nyumba milioni 1.5 ndani ya miaka 5 na imefungua mlango kwa zile sehemu za ukanda ambazo hazina uzuri wowote, kama paking za zamani, na vibao vya kupinga vimeshaanza kuota kwenye nyua.

Wanaouonja ukimya huu vibaya zaidi ni ndugu zetu, Wakenya, Watanzania, Waganda, wanaohudumia wazee kwenye hizo nyumba kubwa, mara nyingi wanalala humo humo. Nyumba nzuri, bustani nzuri, ila hodi hamna, jirani hatakuja bila kupanga siku, na duka liko kilomita 5. Kama kuna mtu wako anaenda kazi ya hivyo mwambie aende na leseni yake ya udereva. Ya Kenya au Tanzania inamruhusu kuendesha kule miezi 12, na ndani ya hiyo miezi afanye mtihani wao apate ya kwao, maana bila gari atakaa ndani.