Fundi wa boila aliyefika ikulu ndogo ya Sydney: stori ya McGowen

Kwenye semina za viongozi wa matawi ya vyama vya wafanyakazi ninazoendesha, stori inayowaamsha watu baada ya wali wa mchana ni ya jamaa mmoja wa Australia anaitwa James McGowen. Nimechoka kuirudia kwa voisi za WhatsApp, kwa hiyo leo naiandika.

Kabla ya kushika chaki nilikuwa fundi chuma, so nianzie hapohapo. McGowen alizaliwa 1855 melini, wazazi wakiwa safarini kwenda Australia, baba yake fundi wa boila, yale matangi ya chuma ya kuchemshia maji yatoe mvuke wa kuendeshea mashine, na yeye akaingia humohumo akiwa kijana mdogo huko Sydney. Enzi hizo hamna kuchomelea, vyuma vinaungwa kwa ribiti, vipini vifupi vya chuma vinavyogongwa kichwa pande zote mbili. Dogo anaichoma ribiti kwenye moto mpaka inaiva nyekundu, anaichomoa na koleo, inatumbukizwa kwenye tundu, mmoja yuko ndani ya boila kaikandamiza na chuma kizito, wenzake nje wanatwanga nyundo kwa zamu kabla haijapoa, na ikishapoa inanywea, ndo inavuta zile bamba mbili zinabanana. Yule wa ndani sasa, kelele yote inaishia kichwani kwake, mafundi boila wengi walizeeka viziwi. Halafu mmoja wao akizembea ribiti inavuja mvuke, na boila sio sufuria, ikipasuka inaondoka na watu. Watu waliozoea kutegemeana hivyo hawahitaji mhadhara ndo wachangie ada ya chama.

1874, ana miaka kama 19 tu, ndo katibu wa chama cha mafundi boila. Katibu, sio mwenyekiti! Nakazia hapa kwa sababu watu wetu wanagombania uenyekiti wakati daftari la ada liko kwa katibu, na anayejua nani kalipa na nani anadaiwa ndo anajua chama kina nguvu kiasi gani.

Lakini fundi anayelipwa kwa siku anaingiaje bungeni? Zamani asingeweza, ubunge ulikuwa hauna posho, ulikuwa wa wenye mashamba na mawakili. 1889 New South Wales, jimbo ambalo Sydney ndo mji wake mkuu, ikapitisha sheria ya kuwalipa wabunge paundi 300 kwa mwaka, na uchaguzi uliofuata, 1891, chama cha Labor, yaani cha wafanyakazi, kikaingiza wabunge 35 kwenye bunge la viti 141, McGowen akiwemo, kiti cha Redfern, mtaa wa watu wa reli na karakana. Mimi kila mtu akiniambia siasa ni kipaji namkumbusha hizo paundi 300.

Wale 35 wakavurugana chapu. Wengine wanataka ushuru kwenye bidhaa za nje, wengine soko huria, kila mtu anapiga kura kivyake. Chama kikaja na kiapo cha maandishi, kwamba ukichaguliwa kwa tiketi yetu utapiga kura vile kikao cha wabunge wetu kitakavyoamua kwa wingi, hutaki toka. Wengi waligoma kusaini. McGowen akasaini, na 1894 akawa kiongozi wa Labor bungeni, nafasi aliyoishika karibu miaka 19. Hakuwa msemaji wa kusisimua kama naibu wake Holman, ila watu walimwamini.

Oktoba 1910, baada ya kushinda viti 46 kati ya 90, akawa premia, yaani mkuu wa serikali ya jimbo, na majimbo ya kule yana bunge lao, polisi wao, shule zao na reli zao. Kwa hiyo fundi aliyefanya kazi karakana za reli ya serikali ndo akawa bosi wa hiyo reli.

Hapa ndo patamu. 1913 wafanyakazi wa gesi Sydney wakagoma, jiji linapikia na kuwashia taa kwa gesi, na McGowen akawatishia kwamba wasiporudi kazini serikali itatafuta watu wengine wa kuifanya. Katibu wa zamani wa mafundi boila anatishia kuleta wavunja mgomo! (Msimcheke haraka, kwetu sheria za kubana migomo zilipita 1962, waziri mkuu akiwa Kawawa, huyohuyo katibu mkuu wa kwanza wa TFL, shirikisho la vyama vya wafanyakazi Tanganyika.) Wenzake hawakusahau, na Juni mwaka huohuo akaachia kiti, Holman akachukua.

Halafu Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Mtoto wake mmoja aliuawa Gallipoli, kule Uturuki. 1916 ikaja kura ya maoni kuhusu kulazimisha vijana kwenda vitani, Labor kwa wingi ikapinga, McGowen akaunga mkono, na chama kikamfukuza. Mtu aliyejenga jina lake kwa kusaini kwamba wengi ndo wanaamua. Uchaguzi wa 1917 Redfern ikamwangusha baada ya miaka 26, akateuliwa baraza la juu la bunge la jimbo, akafariki 1922.

Mimi kwenye vita huwa simlaumu, sijawahi kuzika mtoto. Kwenye gesi ndo namlaumu, ila kila nikisema hivyo kuna mama mmoja au baba mmoja wa nyuma anaamka, "mwalimu, hospitali nazo zilikuwa zinatumia gesi hiyohiyo, wewe ungefanyaje?" na darasa linagawanyika katikati, hatumalizagi, mpaka chai inakuja.