Je, wajua kwa nini Cholmondeley husomwa "Chamli"?

Mpe Mswahili jina hili alisome, naye atalipitia herufi kwa herufi hadi mwisho, kwani tumezoea kusoma kilichoandikwa. Mwenye jina, Mwingereza, hutamka "Chamli", basi. Herufi 12, silabi mbili!

Jina lilianza kama mahali. Huko Cheshire, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, palikuwa na eneo la msitu lililofyekwa, likaitwa kwa mtu aliyejulikana kama Ceolmund. Katika Kiingereza cha kale, "ceol" ni chombo cha majini, "mund" ni ulinzi, na "leah" ni mahali palipofyekwa msituni. Makarani wa Mfalme William walipoorodhesha ardhi ya nchi mwaka 1086, waliandika Calmundelei. Ile "ley" ya mwisho ndiyo iliyomo katika Stanley, yaani mfyeko wenye mawe. Naam, Stanley yuleyule aliyemkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871, ingawa yeye alizaliwa akiitwa John Rowlands.

Baadaye wenye ardhi wakawa wanatajwa kwa mahali pao: fulani wa Cholmondeley. Ile "wa" ikadondoka, mahali pakawa ukoo.

Sasa sauti zilipotelea wapi? Kiingereza hukaza silabi ya kwanza, zinazofuata zikalegea. Jaribu mwenyewe: tamka "CHOLmondeley" mbiombio mara kumi, ukiikaza "Chol" peke yake. Utasikia "nde" inamezwa. Vinywa vya Waingereza vilifanya hivyo kizazi baada ya kizazi, huku kalamu ikinakili tahajia ya mababu. Wengine waliandika walivyosikia, na ninawaelewa kabisa: wapo akina Chumley, na wapo akina Cholmeley, kama Sir Roger Cholmeley, jaji aliyeanzisha Shule ya Highgate, London, mwaka 1565.

Jina hili limefika hadi kwetu, ila limejificha nyuma ya cheo. Lord Delamere, mlowezi aliyepewa na serikali ya kikoloni ekari zipatazo 100,000 huko Njoro, Kenya, mwanzoni mwa karne ya 20, jina lake hasa lilikuwa Hugh Cholmondeley. Delamere Avenue ya Nairobi iliitwa kwa cheo chake. Baada ya uhuru ikawa Kenyatta Avenue.