Je, Wajua Kwa Nini Kambi ya Watoto Humkomaza Mwanachuo?

Vyuo vya Marekani vikifunga kwa likizo ndefu ya majira ya joto, wanachuo wengi huenda kulea watoto wa watu katika kambi za likizo, kando ya maziwa na misitu. Ujira si mkubwa na usingizi ni haba. Inakuwaje basi warudi wamekomaa?

Kwanza, wanakabidhiwa watu, si nadharia. Chama cha Kambi cha Marekani kinataka watoto wa miaka 9 hadi 14 wanaolala kambini wawe na mlezi mmoja kwa kila watoto 8. Wa miaka 6 hadi 8, mmoja kwa kila 6. Wazo hili ni la zamani. Mwaka 1907 Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti ambaye kaburi lake liko Nyeri, Kenya, alipiga kambi katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, akawagawa wavulana katika vikundi vidogo, kila kimoja kikiongozwa na kijana mwenzao.

Tazama watoto wanapoogelea. Kila mmoja ana mwenzake. Filimbi ikilia, wawili hao hushikana mikono na kuiinua juu, na walezi wanahesabu. Akikosekana mmoja, wote hutolewa majini na msako unaanza papo hapo. Mlezi wa miaka 19 hawezi kuhesabu kwa kukisia, hata kama jana alikesha.

Tena alikesha kweli, maana usiku kuna mtoto anayelilia kwao. Kumkaripia hakusaidii, na kumwahidi kwamba mama atakuja kumchukua humzidishia hamu ya nyumbani. Mlezi huketi kando ya kitanda, akamsikiliza, na asubuhi akampa kazi: gawa sahani, anzisha wimbo. Mtoto mwenye kazi hujiona ana nafasi yake pale.

Ila kambi haimfunzi mtu yenyewe tu. Mlezi aliyeachwa peke yake huishia kujifunza kufoka. Kambi nzuri huwafunza walezi kabla watoto hawajafika, kisha msimamizi hukaa nao mara kwa mara: yule aliyesusa chakula ulimfanyaje, na kwa nini? Kwangu mimi, kikao hicho ndicho darasa lenyewe.

Mwanachuo wa Afrika Mashariki mwenye miaka 18 au zaidi na Kiingereza kizuri anaweza kuomba kazi hii kwa viza ya J-1, ile ya Marekani ya wageni wa mabadilishano, kwa muda usiozidi miezi minne. Kabla ya kutia saini mkataba, uliza msimamizi wako atakuwa nani na mtakutana mara ngapi.