Je, wajua ule moshi wa "Smoke on the Water" ulitoka wapi?

Chukua gitaa lolote, hata lile la jirani lililobakiwa na nyuzi tatu. Shughulika na uzi mmoja tu, ule mnene. Upige wazi, yaani bila kuubonyeza, kisha ubonyeze freti (nafasi kati ya vyuma vya shingoni) ya tatu, kisha ya tano. Rudia: wazi, tatu, sita, tano. Malizia: wazi, tatu, tano, tatu, wazi. Ukiweza kufika hapo, tayari umepiga kipande cha gitaa ambacho huenda kimefundishwa kuliko kingine chochote katika roki nzima, na hata mtu asiyejua jina la wimbo atageuza shingo.

Wimbo wenyewe ni "Smoke on the Water", yaani moshi juu ya maji, wa bendi ya Waingereza, Deep Purple. Wengi wanaoupiga hudhani jina hilo ni fumbo. Wapo waliolihusisha na bangi. Kumbe hakuna fumbo lolote. Ni taarifa ya moto, imesimuliwa hatua kwa hatua, karibu kama mtu anayeandikisha maelezo kituoni.

Desemba 1971 Deep Purple walifika Montreux, mji mdogo wa Uswisi ulio kando ya Ziwa Geneva. Walikuja kurekodi albamu. Hawakutaka studio ya kawaida. Walitaka sauti ya ukumbi, kama wanavyosikika jukwaani. Basi wakakodi lori la bendi ya Rolling Stones, ambalo ndani yake lilikuwa studio kamili. Mpango ulikuwa rahisi: lori liegeshwe nje ya Kasino ya Montreux, nyaya zipitishwe hadi ukumbini, bendi ipige, mitambo inase. Kasino ilikuwa inakaribia kufungwa kwa msimu wa baridi, kwa hiyo ukumbi wote ungekuwa wao. Ila lilibaki onyesho moja.

Onyesho hilo lilikuwa la Mmarekani Frank Zappa na kundi lake la Mothers of Invention, Jumamosi ya tarehe 4 Desemba. Deep Purple nao waliingia kutazama. Katikati ya muziki, mpiga kinanda akiwa kwenye solo, mtu mmoja miongoni mwa watazamaji alifyatua bastola ya fataki, zile ambazo mabaharia hurusha angani kuomba msaada. Fataki ikapanda darini. Dari lile lilikuwa limepambwa kwa henzerani, na henzerani kavu haina subira na moto. Mkanda wa sauti wa usiku ule bado upo: muziki unakatika, na Zappa anasikika akiwaambia watu watoke polepole.

Walitoka wote. Jengo liliteketea, vyombo vya Zappa vikaungua, lakini hakuna aliyepoteza maisha. Aliyehangaika sana kuwatoa vijana ndani ni Claude Nobs, mmoja wa waanzilishi wa tamasha la jazi la Montreux, na ndiyo sababu jina lake la kwanza limo kwenye wimbo. (Zappa mwenyewe mkosi haukuishia hapo. Siku sita baadaye, London, mtazamaji alipanda jukwaani akamsukuma, akaangukia shimoni mbele ya jukwaa, akakaa miezi mingi kwenye kiti cha magurudumu.)

Deep Purple walitazama moto wakiwa mbali kidogo. Upepo ulikuwa ukishuka kutoka milimani, ukaulaza moshi ule juu ya ziwa kama ukungu. Hilo ndilo jina la wimbo. Siku chache baadaye mpiga besi, Roger Glover, aliamka asubuhi maneno hayo yakiwa mdomoni, kana kwamba ameyasema usingizini. Alipomweleza mwimbaji, Ian Gillan, wote wawili walisita: si watu watasema ni wimbo wa dawa za kulevya? Walikisia vizuri.

Lakini ajabu kwangu ni kwamba muziki wenyewe ulikuwa tayari umerekodiwa kabla ya kuwa na neno hata moja. Baada ya kasino kuungua, Nobs aliwatafutia ukumbi mwingine katikati ya mji, uitwao Pavillon. Wakafunga vyombo, usiku ukaingia, wakaanza. Mpiga gitaa Ritchie Blackmore alikuwa na kile kipande chake, na wakakiita kwa muda "namba moja" tu. Sasa fikiria mji wa matajiri na wazee, usiku wa Desemba, kimya kimetanda ziwani, halafu kelele zile. Majirani walipiga simu, polisi wakaja. Vijana wa vyombo wakaegemea milango kwa ndani huku polisi wakigonga kwa nje, ili bendi ipate kumaliza. Walimaliza. Kisha wakafukuzwa. Wimbo huo ndio kitu pekee cha maana walichotoka nacho Pavillon.

Safari ya tatu iliwapeleka Grand Hotel, hoteli kubwa iliyofungwa kwa msimu, tupu na baridi kama jiwe. Walipiga kwenye ukumbi mdogo wa korido, wakaziba kuta kwa magodoro ili sauti isirukeruke. Lori liliegeshwa nje, na kulifikia ilikuwa shughuli: upite vyumba vya kulala, utokee kwenye baraza, uingie tena ndani, ushuke. Mwishowe wakachoka kwenda kusikiliza walichorekodi. Waliulizana tu wao kwa wao kama kimetoka vizuri, wakaendelea. Gillan na Glover walipokaa kuandika maneno ya ile "namba moja", hawakuhangaika kutafuta mada. Waliandika yaliyowapata: moto, Claude, lori, hoteli ya baridi, taa nyekundu, vitanda vikuukuu. Yote yamo.

Kwa nini basi kile kipande cha gitaa kimeshika hivyo? Kwanza, ni noti nne tu zinazozunguka, na kuna vituo kati yake, kwa hiyo msikilizaji anapata muda wa kumeza. Pili, bendi haikuja yote kwa pamoja. Gitaa linaanza peke yake, matoazi ya mpiga dramu Ian Paice na kinanda vinajiunga, dramu zinafuata, kisha besi. Ni kama nyumba inajengwa mbele yako, tofali juu ya tofali. Na kinanda si kinanda cha kanisani: Jon Lord alikipitisha chake cha umeme, aina ya Hammond, kwenye amplifaya ya gitaa ya Marshall, kikakwaruza hadi usijue gitaa linaishia wapi.

Hapo pia ndipo wanafunzi wengi wanapokosea. Ule uzi mmoja niliokuelekeza hapo juu ni wa kuanzia tu. Blackmore hupiga nyuzi mbili kwa wakati mmoja, na hatumii kipigio, kile kijiplastiki cha kukwangulia nyuzi. Anazinyofoa kwa vidole, zote mbili kwa mpigo. Sauti inatoka kavu na yenye makali. Ukizikwangua kwa kipigio, moja hutangulia nyingine, na ladha inapotea.

Wenyewe hawakuupa uzito. Albamu, "Machine Head", ilitoka Machi 1972, na wimbo waliouchagua kuutangulizia sokoni ulikuwa mwingine kabisa, "Never Before", ambao leo wachache wanaukumbuka. "Smoke on the Water" ulitolewa peke yake Marekani mwaka 1973 tu, ukapanda hadi nafasi ya 4 kwenye chati ya Billboard, orodha ya nyimbo zinazovuma huko.

Kasino ilijengwa upya, ikafunguliwa 1975, na safari hii ndani yake ikawekwa studio ya kurekodia, Mountain Studios. Mwaka 1979 studio hiyo ilinunuliwa na bendi ya Queen. Mwimbaji wao unamjua: Freddie Mercury, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946 akiitwa Farrokh Bulsara. Kwa hiyo mahali palepale palipofuka moshi ule, miaka michache baadaye palikuwa pakirekodi mtoto wa Unguja, na ni humo alimoimba nyimbo zake za mwisho mwaka 1991, akiwa mgonjwa. Sanamu yake imesimama ufukweni Montreux tangu 1996, mkono mmoja juu, uso umeelekea ziwani.