Nien Nunb haongei Kiswahili, wala Kihaya

Katika ulimwengu wote wa Star Wars, mfululizo wa filamu za Marekani za vita vya anga, hakuna mgeni wa anga anayewahusu watu wa Afrika Mashariki kama Nien Nunb. Ndiye yule rubani msaidizi mwenye masikio makubwa, macho meusi na mashavu yanayoning'inia, anayeketi kando ya rubani Lando Calrissian ndani ya chombo cha anga Millennium Falcon katika Return of the Jedi, filamu ya mwaka 1983. Anaonekana kwa muda mfupi, ila lugha yake imezua madai mengi kuliko ya mashujaa wanaobeba filamu nzima. Madai mengi kati ya hayo si kweli, na yanaendelea kunakiliwa.

"Anaongea Kiswahili."

Hapana. Anayedai hivyo amenasa neno moja mawili yanayofanana na yetu, akamalizia kwa kukisia. Sauti ya Nien Nunb ni ya Kipsang Rotich, Mkenya aliyekuwa mwanafunzi Marekani wakati huo, na maneno ambayo wasikilizaji wa Kenya waliyatambua ni ya Kikuyu. Mstari unaonukuliwa mara nyingi ni huu: "Atĩrĩrĩ, inyuĩ mwĩ hau inyuothe, ũkai haha." Maana yake: jamani, ninyi mlio hapo nyote, njooni hapa.

Uchambue neno kwa neno uone udugu. Inyuĩ ni ninyi. Mwĩ ni mlio. Hau ni hapo. Inyuothe ni ninyi nyote. Haha ni hapa. Ũkai ndiyo "njooni", nayo haifanani na yetu hata kidogo. Atĩrĩrĩ ni neno la kuita usikivu, kama mtu anayesema "sikilizeni" kabla hajatoa lake.

Kinachompotosha msikilizaji wa Kiswahili ni irabu. Kikuyu kina irabu saba, sisi tuna tano. Ile ĩ yenye alama juu hutamkwa karibu na e yetu, na ũ karibu na o. Kwa hiyo mwĩ inasikika kama "mwe", na ũkai kama "okai". Tena th ya Kikuyu ni dh yetu ya dhahabu, hivyo inyuothe inatoka "inyuodhe". Ukienda kuitazama tena filamu, sikiliza kwa masikio hayo, usitafute i na u za Kiswahili.

"Ni Kihaya, lahaja ya Kenya."

Hili ndilo kosa lililosambaa kuliko yote, na lina makosa mawili ndani yake. Kihaya si cha Kenya. Ni lugha ya Wahaya wa mkoa wa Kagera, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, upande wa Bukoba na Muleba, magharibi ya Ziwa Victoria. Wala si lahaja. Ni lugha kamili, ndugu wa karibu wa Kinyambo na Kinyankole, na iko mbali kabisa na Kikuyu cha Kenya ya kati.

Njia ya kupima ni rahisi. Kihaya huweka irabu mbele ya nomino: watu ni abantu, mtu ni omuntu, kuja ni okwija. Kikuyu hakina irabu hiyo: watu ni andũ, mtu ni mũndũ, na kuja ni gũũka. Ule mstari wa juu unatumia ũka, si ija. Hapo shauri limekwisha.

Inauma kuona kosa hili likirudiwa, kwa sababu linawanyima Wakikuyu lugha yao na kuwapa Wahaya nchi isiyo yao.

"Basi Rotich ni Mkikuyu."

Jina lenyewe linakataa. Kipsang na Rotich ni majina ya Kikalenjin. Kip- ni kiambishi cha jina la mwanamume, na Kipsang kwa kawaida hupewa mtoto aliyezaliwa nje ya nyumba. Rotich huhusishwa na saa ambayo ng'ombe hurudi zizini jioni. Kikalenjin ni lugha ya Kiniloti, haimo katika familia ya Kibantu, ambamo Kikuyu kimo, hata kidogo. Rotich anatajwa kuingiza sauti kwa Kikalenjin na kwa Kikuyu pia, jambo lisilomshangaza yeyote aliyekulia Kenya, ambako mtu kuwa na lugha tatu nne ni kawaida.

"Ni kelele za kubuni zilizopitishwa kwenye mashine."

Fundi wa sauti wa filamu hizi, Ben Burtt, alikuwa na utaratibu wa kuanzia kwenye lugha halisi ambazo watazamaji wa Marekani hawazijui. Sababu yake ni ya kiufundi. Msemaji wa Kiingereza akijitungia maneno ya ovyo, mkazo na mapigo ya Kiingereza hubaki humo, na sikio linagundua. Lugha halisi ina mpangilio wake wa silabi, ina pumzi zake, na msemaji wake anajua anachosema. Ndiyo maana Greedo, yule mwindaji wa kukodiwa, ana misingi ya Kiquechua cha Amerika Kusini, na wale Jawa wadogo wenye kofia wana misingi ya Kizulu kilichoharakishwa. Tofauti ni kwamba kwa Nien Nunb maneno yaliachwa yakiwa maneno. Mkenya ukumbini aliyaelewa.

Na aliyeyasema hakuorodheshwa kwenye majina ya mwisho wa filamu ya 1983. Alirudi kumpa Nien Nunb sauti katika The Force Awakens mwaka 2015.

"Ni mtu aliyevaa barakoa."

Nusu tu. Ndani ya chumba cha rubani unachokiona ni kikaragosi, na aliyekichezesha ni Mike Quinn, Mwingereza. Kwenye picha za mbali, zinazohitaji mwili mzima, aliyevaa vazi ni Richard Bonehill. Mgawanyo huo una faida yake: barakoa iliyovishwa usoni huwa na mdomo mzito, lakini kinywa cha kikaragosi hufuata vidole vya mchezaji, kwa hiyo maneno yanayoingizwa baadaye yanakaa vizuri mdomoni. Ndiyo maana pia pale kwenye usukani kamera humwonyesha kuanzia kifuani kwenda juu.

"Ni pambo tu, Lando ndiye aliyefanya kazi."

Tazama tena mwanzo wa vita vya Endor, mwishoni mwa filamu ile ya 1983. Lando anataka kujua kama ngao ya Death Star ya pili, kituo cha silaha cha adui, imeshazimwa. Nien Nunb ndiye aliye kwenye vipimo, naye ndiye anayesema hakuna kinachosomeka kwa sababu mawimbi yao yanavurugwa. Lando anajiuliza wanavurugwaje na adui asiyejua kwamba wanakuja, na hapo anatambua kuwa ni mtego na ngao bado ipo. Anaamuru wageuze. Bila taarifa ile kutoka kiti cha pili, kundi zima la vyombo vya waasi lingejibamiza kwenye ngao. Baadaye wawili hao wanaingia na Falcon hadi kwenye kinu kikuu, dishi la mawimbi likang'olewa njiani, na wanatoka hai.

"Alikufa Endor."

Hakufa. Mwaka 2015 yumo kwenye ndege ya kivita ya X-wing akishambulia Starkiller Base, ngome ya adui, na mwaka 2017 anaonekana tena katika The Last Jedi. Safari yake inaishia The Rise of Skywalker ya 2019, juu ya sayari ya Exegol, akiendesha chombo cha Tantive IV kinapopigwa na radi ya Palpatine, mtawala mwovu.