Msanii kwanza, mashine baadaye: ninavyofundisha leza, CNC na printa ya 3D kwenye ukaazi

Barua nyingi za maombi ya ukaazi huanza na orodha ya mashine. Mwombaji anataka leza, anataka printa ya 3D, anataka CNC (mashine ya kukata na kuchonga inayoongozwa na kompyuta), na nafasi ikibaki, roboti. Mimi humjibu kwa ombi moja: niletee kazi iliyokukwama. Iwe sanamu isiyoweza kusafirishwa kwa sababu haigawanyiki vipande, chungu unachotaka kukirudia bila umbo lake kupotea, au pambo la ukutani lenye matundu mengi kuliko mkono unavyoweza kuvumilia. Kazi hiyo ndiyo itakayotuambia tuwashe mashine ipi, na mara nyingine itatuambia tusiwashe yoyote.

Ninaposema ukaazi nina maana ya wiki kadhaa ambazo msanii anapewa chumba, vifaa, posho na fundi wa kukaa naye karibu. Kozi ni jambo jingine. Kozi ina zoezi moja kwa darasa zima, na kila mtu hurudi nyumbani na kishikilia funguo chenye jina lake. Hakuna ubaya, ila msanii mwenye miaka ya kuchonga au kufinyanga hahitaji kishikilia funguo. Anahitaji kujua ni wapi ujuzi alionao tayari unakutana na mashine, na ni wapi unagongana nayo.

Kwamba watu hujifunza haraka wakiwa na kitu chao cha kutengeneza si ugunduzi wangu. Mwaka 1998 Neil Gershenfeld alianzisha pale MIT, chuo kikuu cha teknolojia nchini Marekani, somo ambalo jina lake, kwa Kiswahili, lingekuwa “Jinsi ya kutengeneza (karibu) kila kitu”. Alilipangia kundi dogo la watafiti, wakajaa watu wa kila fani, wakiwemo wasanii. Mmoja wao, Kelly Dobson, alitengeneza mfuko wa kuvaa kifuani: unaupigia ukelele wako mahali pasiporuhusu kelele, unauhifadhi, kisha unauachia baadaye ukifika penye nafasi. Hakuna mtaala ungemwagiza atengeneze kitu hicho. Alijifunza saketi na sensa kwa sababu mfuko ulizihitaji. Kutokana na kazi za maabara hiyo ndipo zilipozaliwa karakana za Fab Lab ambazo leo zimeenea duniani.

Siku ya kwanza kompyuta hubaki imezimwa. Nampa msanii kalipa, kifaa cha kupimia unene, na ubao wa plaiwudi uliouzwa kama wa milimita 3, apime kingo zake sehemu mbalimbali. Atapata 2.8 hapa, 3.1 pale. Anayetoka kwenye useremala hashangai, lakini aliyezoea kuchora kwenye skrini hushangaa kweli, kwa kuwa kwenye skrini ubao huwa na unene mmoja tu. Nusu ya matatizo yatakayofuata yamo ndani ya tofauti hiyo ndogo.

Kisha tunaingia kwenye leza, na nina sababu ya kuitanguliza: iko karibu na kuchora. Msanii anajua mstari. Asichokijua ni kwamba mashine haioni picha. Ukiipa picha ya pikseli, itainakshi kwa kwenda na kurudi, msitari kwa msitari, kama printa ya ofisini. Ikitakiwa kukata, inahitaji vekta, yaani njia iliyoelezwa kwa nukta na mikunjo kati ya nukta hizo. Hapa ndipo wengi hukimbilia kitufe cha kugeuza picha kuwa vekta peke yake. Kinafanya kazi, ila mchoro wa jani moja hutoka na nukta mia tisa mahali ambapo kumi na mbili zingetosha. Kichwa cha leza hupunguza mwendo kila kikutanapo na nukta, miale hukaa hapo kitambo zaidi, ukingo unaungua na mstari unatetemeka. Kwa hiyo nawaomba wachore upya kwa mkono juu ya picha, kwa nukta chache iwezekanavyo. Ni kazi ya kuchosha, na ndiyo hatua ambayo mkono wa msanii huonekana kwa mara ya kwanza ndani ya faili. Wasanii wawili wakilifuatisha jani lilelile, majani mawili tofauti hutoka.

Baada ya mstari, upana wake. Miale ya leza hula mbao. Tuseme inakula milimita 0.2, na inapita katikati ya mstari uliouchora. Ulimi ulioupima milimita 10 utatoka na 9.8. Tundu ulilolipima milimita 10 litakuwa 10.2. Ukiviunganisha, ulimi unacheza ndani ya tundu kwa milimita 0.4, na boksi ulilolidhania zuri linalegea kama jino la mtoto. Dawa yake ni kitana cha majaribio: kipande kidogo chenye meno na nafasi zinazopishana kwa milimita 0.05, kuanzia nafasi inayobana sana hadi inayopwaya. Unakikata kwenye ubao uleule utakaoutumia, unajaribu kwa mkono, unachagua. Nambari ya plaiwudi haiifai akriliki, ile plastiki ngumu kama kioo. Mbao hukubali kubanwa kidogo, akriliki hupasuka, tena mara nyingine siku kadhaa baadaye, kazi ikiwa imeshatundikwa ukutani.

Nasisitiza kitana hiki kuliko programu yoyote. Msanii anayejua kukitengeneza anaweza kuingia karakana asiyoijua, penye leza asiyowahi kuiona, na ndani ya nusu saa akaielewa. Aliyekariri tu kwamba “nguvu 60, mwendo 20” ana nambari za mashine moja, na nambari hizo zitazeeka pamoja na mrija unaotoa miale yake.

Suala la malighafi sina mjadala nalo. Wasanii wengi hutumia vitu vilivyookotwa: mabango ya zamani, vipande vya viti, ngozi bandia, makasha. Ngozi bandia na mabango mengi yana PVC, plastiki yenye klorini, na PVC ikipigwa leza hutoa gesi ya hidrojeni kloridi, ambayo huchoma mapafu, hutia kutu reli za mashine na kuharibu lenzi. Fundi anaweza kuitambua kwa waya wa shaba: anaupasha moto hadi uwe mwekundu, anaugusisha kwenye plastiki hiyo, anaurudisha motoni. Mwali ukigeuka kijani, upo uwezekano mkubwa kuna klorini, na kipande hicho hakiingii. Jaribio lenyewe hufanywa penye hewa ya kutosha, na kwa kipande kidogo mno. Polikaboneti nayo haikatiki vizuri, hugeuka rangi ya kahawia na kushika moto. Metali tupu huakisi miale ya leza ya kaboni dioksidi, yenye urefu wa wimbi wa maikromita 10.6, hivyo mhunzi anayekuja na bati la shaba itabidi nimpeleke kwenye mashine nyingine. Na hakuna anayeondoka mbele ya leza inayokata, hata kwenda kuchukua chai. Moto wa akriliki hauna hodi.

Printa ya 3D huwa naichelewesha, na wenzangu kadhaa wananilaumu kwa hilo. Wanasema ndiyo inayowavuta vijana, na ni kweli. Tangu hataza kuu ya mbinu ya kuyeyusha uzi wa plastiki ilipokwisha mwaka 2009, na kwa msaada wa mradi wa RepRap ulioanzishwa na Adrian Bowyer katika Chuo Kikuu cha Bath mwaka 2005, printa zimekuwa za bei nafuu kiasi cha kuwekwa mezani. Lakini printa humpa mtu kitu kilichokamilika mapema mno. Sanamu inatoka na tabaka zake, na mng'ao wake wa plastiki, na msanii anaanza kuitetea badala ya kuihoji. Naiona ina nguvu zaidi ikiwa katikati ya safari: inapotengeneza kitu cha kutengenezea kitu kingine.

Mfinyanzi ndiye mfano ninaoupenda. Udongo hunywea unapokauka, na hunywea tena tanurini. Mfinyanzi analijua hilo kwa vidole, ila faili inataka nambari. Basi anachukua kipande cha udongo wake mbichi, anachora juu yake mstari wa milimita 100, anakikausha, anakichoma, anapima. Tuseme mstari umebaki 88: udongo umenywea asilimia 12. Akitaka chombo kilichochomwa chenye kimo cha milimita 100, kielelezo cha kutolea kalibu kiwe na kimo gani? Wengi huongeza asilimia 12 na kusema 112. Lakini 112 ikinywea asilimia 12 inabaki 98.6, na mfuniko haukai. Hesabu sahihi ni 100 kugawanya kwa 0.88, yaani 113.6. Anaandika kipimo hicho, anachapa kielelezo, anakipiga msasa hadi tabaka zipotee, anakimwagia plasta, na kalibu ikikauka anarudi kwenye udongo wake kama kawaida. Plastiki imetumika, imeondoka. Hiyo ndiyo printa ninayoitaka.

Wanaosubu shaba hufanya jambo la jamaa hilo: kielelezo cha PLA, plastiki ya kawaida ya printa za 3D, huzungushiwa mchanganyiko wa plasta unaostahimili moto, kisha huchomwa mpaka kitoweke kama nta. Kuta ziwe nyembamba na ndani pawe wazi kadiri inavyowezekana, kwani PLA haiyeyuki na kutiririka kirahisi kama nta. Huvimba kwanza, na kalibu inaweza kupasuka. Mengine ya printa yanasemwa haraka: sehemu inayoning'inia ikilala zaidi ya nyuzi 45 hivi kutoka wima inahitaji mihimili ya muda, na faili ya STL, inayohifadhi umbo la 3D, haisemi nambari zake ni za milimita au inchi. Programu moja ikisoma 100 kama milimita na nyingine ikaisoma kama inchi, kikombe chako kitataka chumba kizima.

Wachongaji wana ubishi wao, na ninaufurahia. Ruta ya CNC inakata kwa biti inayozunguka, kwa hiyo kona ya ndani haiwezi kamwe kuwa kali. Hubaki na mviringo wa nusu ya kipenyo cha biti. Mashine pia haijui nyuzi za mbao zinaelekea wapi, wala haioni fundo mpaka igongane nalo. Mchongaji anayajua yote mawili kabla ya kushika patasi. Mpango mzuri, kwa maoni yangu, ni mashine iondoe wingi wa mbao na iache milimita mbili au tatu kila upande, kisha patasi imalizie. Wapo wanaokataa hata hilo, wakisema saa za kuondoa wingi ndizo wanazofikiria umbo. Hao siwashawishi. Msanii akigundua wiki ya pili kwamba mashine inamnyima muda wa kufikiri, ukaazi umemfaa.

Lakini hoja kwamba mashine inayofuata maagizo si ya wasanii haina historia nyuma yake. Kadi zenye matundu za mtambo wa kufuma wa Jacquard ziliongoza nyuzi za hariri tangu 1804, karibu karne moja na nusu kabla ya MIT kuonyesha mashine ya kusaga metali kwa maagizo ya utepe uliotobolewa mwaka 1952. Msanii Manfred Mohr alionyesha michoro iliyotolewa na kompyuta katika jumba la sanaa za kisasa la jiji la Paris mwaka 1971, na msanii mwenzake Vera Molnár alikuwa tayari anachora kwa kompyuta na plota, mashine inayochora kwa kalamu, tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Molnár alikuwa akiongeza asilimia ndogo ya fujo kwenye miraba iliyopangika, kisha anachagua michoro ipi ibaki. Uchaguzi huo haukuwa wa mashine.

Kinachonisumbua zaidi ni umiliki, na hapa ukaazi mwingi ni mzembe. Mchoro wa mkono ukikaa kwenye daftari uko mikononi mwako. Faili ikibaki kwenye kompyuta ya karakana, yeyote anaweza kuikata kesho. Mkataba useme kabla ya siku ya kwanza kwamba faili ni za msanii, karakana inabaki na nakala kwa ruhusa yake tu, na nakala ngapi za kazi zitatolewa na kutiwa sahihi. Vilevile kwa nakshi zenye wenyewe: kupiga picha mlango wa kale kwa simu na kuugeuza kielelezo cha 3D ni kazi ya alasiri moja, lakini urahisi huo hauondoi haja ya kuwauliza wenye mlango.

Programu nazo zimo humo humo. Nafundisha kwa Inkscape, Blender na FreeCAD, ambazo ni za bure, hata pale karakana ina leseni za programu za kulipia. Leseni ya karakana huisha siku msanii anaporudisha ufunguo wa chumba, na faili zilizofungwa ndani ya muundo wa kampuni moja huishia naye mlangoni. Anachoondoka nacho ni diski yenye faili za SVG (michoro ya vekta) na STL, boksi la vitana na vipande vya majaribio vilivyoandikwa nambari kwa kalamu ya wino mzito, na uelewa wa gharama. Karakana nyingi hutoza leza kwa dakika. Kukata ni haraka, kunakshi eneo kubwa ni polepole, na ukiongeza maradufu mistari kwa kila milimita, muda nao unakaribia kuwa maradufu. Msanii anayelijua hilo hubadilisha usuli uliojaa kuwa mistari michache ya mkato, na bili inashuka kabla hajabishana bei na mtu.

Kwa wanaopanga ukaazi wenye bajeti ndogo, ushauri wangu ni huu: nunueni mashine moja pungufu. Fedha hiyo igawanywe kati ya mshahara wa fundi na malighafi ya kuharibu. Msanii anayepewa mbao za kutosha kazi moja tu hatajaribu chochote. Atakata kile alichokuwa na uhakika nacho tangu alipokuwa nyumbani.