Je, wajua kwa nini mvua ikikosekana Uluguru, mabomba ya Dar hukauka?

Dar es Salaam imekaa ufukweni, lakini maji yake matamu mengi hutoka mbali: mto Ruvu, ambao wasafiri wa karne ya 19 waliuandika kwa jina la Kingani. Unaanzia milima ya Uluguru, Morogoro, unapokea Mgeta na Ngerengere, kisha unaingia baharini karibu na Bagamoyo.

Mtambo wa Ruvu Juu, Mlandizi, ulijengwa 1959. Ruvu Chini, upande wa Bagamoyo, 1976. Baada ya kupanuliwa, wa kwanza una uwezo wa lita milioni 196 kwa siku, wa pili milioni 270. Pampu husukuma maji hadi kwenye matangi ya Kimara na Chuo Kikuu, yaliyowekwa vilimani ili yashuke yenyewe hadi majumbani na viwandani.

Shida ni kwamba mitambo yote miwili huchota mtoni moja kwa moja. Mto ukinywea, hakuna akiba ya kukimbilia. Vuli ya 2022 ilipochelewa, mgao ukaanza. Mtaani kwetu Tabata madumu ya njano yalipangwa foleni kabla ya adhana ya alfajiri, na ukifungua bomba unasikia hewa tu ikikoroma. Sikutegemea kuyaona hayo katika jiji la watu zaidi ya milioni 5.

Mto huohuo unamwagilia mpunga bonde la Ruvu na kunywesha mifugo. Na kule juu Mgeta, vijito vyake ndivyo vinavyokuza kabichi na karoti tunazonunua sokoni. Ila miteremko ile ni mikali, na udongo ukilimwa ovyo huteremka na mvua. Wakoloni waliliona hilo, wakawalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi. Kazi ilikuwa nzito, faida hawakuiona, na mwaka 1955 ghasia zikazuka Matombo. Udongo bado unashuka. Ndiyo maana masika mto huwa mwekundu, na mitambo hulazimika kuongeza dawa ili tope litulie chini.

Jibu la ukame ni bwawa la Kidunda, Morogoro Vijijini, lililozungumzwa kwa miongo mingi na sasa linajengwa. Limepangwa kuhifadhi lita bilioni 190: maji ya masika yatafungiwa humo, kisha yafunguliwe kidogo kidogo kiangazi, yafuate mkondo uleule hadi Mlandizi.